Fundi wa Mawimbi Anajibu: Ripita mbili, simu mbili, kosa moja

Safari hii nimefungua maswali yenu nikakuta karibu yote yanaongelea kitu kimoja, GMRS na intaneti, kwa hiyo nimeyaweka pamoja, wale wa antena za gari na betri zinazovimba msinune, zamu yenu inakuja. Kwa mgeni wa safu hii, GMRS ni zile redio kol za binafsi za Marekani zinazotumia masafa ya 462 na 467 MHz, leseni yake dola 35 unakaa nayo miaka 10, hamna mtihani, na sheria zake zimo kwenye Part 95 ya kanuni za FCC, ile tume ya mawasiliano. Ripita nayo ni kile kituo kinachokaa juu kilimani, kinapokea sauti yako kwenye 467 na papo hapo kinairusha tena kwenye 462 ili wa mbali akusikie. Haya twende.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi nna ripita mbili za GMRS hapa Colorado, moja iko kilimani nyuma ya nyumba, nyingine nimeiweka kwa shemeji yangu upande wa pili wa milima, kama maili 60 hivi, zote ziko chini ya leseni yangu. Katikati ni mawe matupu hazisikilizani hata kidogo. Nimenunua simu mbili za Android za bei chee, nataka kila simu niifunge kwenye ripita kwa waya wa sauti, niweke Zello, ile apu ya kuongea kwa kitufe kupitia intaneti, chaneli yangu mwenyewe yenye paswedi, wife akibonyeza huku mi nisikie kule. Jamaa mmoja ananiambia ni kosa, mwingine anasema hamna shida, leseni yako, ripita zako, milima ya Mungu. Nani mkweli? (Baba Wawili, Colorado)

JIBU: Baba Wawili, aliyesema ni kosa ndo mkweli, ingawa huyo wa milima ya Mungu nimempenda bure.

Ngoja nikupeleke kwenye maandishi yenyewe maana hapa watu wengi wanabishana bila kusoma. Kuna kifungu 95.1733, kinaorodhesha mambo ambayo kituo cha GMRS hakiruhusiwi kurusha, mle ndani kuna muziki, matangazo ya biashara, ujumbe wa kuficha maana na kadhalika, na namba 8 ya orodha hiyo inakataza ujumbe ambao umebebwa na laini ya waya ya kuongozea kituo alafu ukarushwa hewani na kituo cha GMRS. Kisha nenda 95.1749, hapo wanasema kuunganisha kituo cha GMRS na simu ni marufuku, ila ripita na vituo vingine vya kukaa sehemu moja vinaweza kuunganishwa na mtandao wa simu au mitandao mingine kwa kazi moja tu, kuviongoza ukiwa mbali. Moja tu. Yaani amri inapita, sauti haipiti. Ukitaka kuizima ripita yako ukiwa safarini intaneti unayo, pitisha amri yako. Ukitaka maneno ya wife yaingie kwenye ripita ya huku, yapite kwenye intaneti, yatokee kwenye antena ya kule, hapo ushavuka.

Na kama kuna mtu alikuwa bado anasema lugha ya kifungu ni ngumu, mwaka 2024 FCC wenyewe waliweka maelezo kwenye ukurasa wao wa GMRS, kwamba kulinki ripita kadhaa ili ile iliyo nje ya uwezo wa redio yako irudie maneno yako ni kuvunja vifungu hivyo hivyo viwili nilivyokutajia. Hawakuishia hapo, wakatoa na sababu, na sababu ndo inayonifanya mi niwaelewe japo siku ya kwanza kusoma nilisonya.

Sababu ni hii. GMRS nzima, Marekani yote, ina jozi 8 tu za chaneli za ripita. Nane. Hakuna mtu anayegawiwa yake, zote ni za pamoja kama kisima, unachota unampisha mwenzio. Na kisima kinaenda vizuri kwa sababu mnaonana, ukisikia kuna mtu anaongea unasubiri. Sasa chukua watu wawili wanaopiga stori za mashine ya kukata majani huko Ohio, ripita yao imelinkiwa na nyingine 9 mpaka Florida. Hao wawili kila wakibonyeza wanakalia chaneli sehemu 10 kwa mpigo, na huyu wa Ohio hawezi kujua kama Florida sekunde hiyo kuna baba anamuita mwanae aliyepotea porini, maana yeye anasikiliza hewa ya Ohio. Zidisha mara jozi 8 uone zinaisha lini.

Alafu kuna upande wa kiufundi ambao sijasimuliwa, niliufanya mwenyewe kabla sijasoma vifungu, nakiri. Nilikuwa na simu ya zamani juu ya meza ya kazi, waya wa sauti unatoka kwenye tundu la hedifoni unaingia kwenye kiboksi kidogo chenye taa nyekundu, kiboksi kinaingia kwenye redio. Kile kiboksi hakina akili, kikisikia sauti yoyote kutoka kwenye simu kinaibonyezea redio irushe. Siku ya kwanza raha tupu. Usiku wa pili nikasahau kuzima milio ya meseji, na kwenye ile simu kulikuwa na grupu la familia ambalo halilali. Ting. Taa nyekundu inawaka, redio inarusha, ripita inaitika, inakaa wazi sekunde kadhaa, inafunga. Ting ting. Inawaka tena. Mi nimelala. Asubuhi nashika redio nasikia mzee mmoja ana sauti nzito kabisa anasema kwa upole, jamani kuna mtu simu yake imekuwa ikipokea salamu hewani tangu saa sita usiku, angalau atusomee na sisi zinasema nini. Niligusa redio ilikuwa ya moto kama pasi. Nilichomoa ule waya sikuurudisha.

Kwa hiyo kwa milima yako fanya hivi. Ziache ripita zote mbili zijitegemee, kila moja chaneli yake na toni yake, ule mlio mdogo unaoifungua ripita, tuseme ya nyumbani 17 na ya shemeji 20, alafu nunua redio za gari zinazosikiliza chaneli mbili kwa zamu, ukishuka upande ule unahamia chaneli ya kule, basi. Pili, kabla hujalaumu mlima angalia kebo na antena. Ripita inaruhusiwa mpaka wati 50 lakini wati 50 za kwenye boksi sio wati 50 za juu ya mlingoti, hata kebo nzuri ya LMR-400 ikiwa na futi 100 kwenye masafa haya inakula kama desibeli 2.7, hiyo ni karibu nusu ya nguvu yako imepotea njiani ikipasha kebo joto, na ukitumia ile nyembamba inayouzwa na antena za bei rahisi ndo kabisa unapasha joto ndege. Futi 20 za kuongeza urefu wa mlingoti mara nyingi zinakupa zaidi ya kitu chochote utakachonunua.

Tatu, na hii watu wanaidharau, una shemeji kule. Mpigie simu, mwambie amwambie fulani umechelewa, yeye anashika redio yake anasema kwa mdomo wake. Shemeji yumo kwenye leseni yako, nitaeleza kwenye swali la chini. Hapo hakuna laini iliyobeba sauti mpaka kwenye antena, kuna binadamu amepokea habari akaisema.

SWALI: We fundi umekariri hiyo sheria vibaya. Imesema LAINI YA WAYA. Mi natumia WiFi mpaka kwenye rauta, na rauta yangu inapata intaneti ya satelaiti. Waya uko wapi hapo? Nionyeshe waya. (Mbishi, Ohio)

JIBU: Waya nimekuonyesha, uko kati ya simu na redio, ule mweusi wenye pini ndogo. Natania.

Ila ngoja nikujibu kwa heshima maana hoja yako naisikia kila wiki na sio ya kijinga. Ni kweli namba 8 ya 95.1733 inataja laini ya waya. Lakini kifungu kingine, 95.1749, hakikutaja waya popote kwenye ile ruhusa, kinasema mtandao wa simu au mitandao mingine. Mingine. Satelaiti ni mtandao, WiFi ni mtandao, data ya simu ni mtandao, na ruhusa ya kujiunga nayo imetolewa kwa ajili ya kuongoza kwa mbali peke yake. Kwa hiyo hata ukishinda kesi ya waya unakutana na ndugu yake mlangoni. Na juu ya hao wote wawili kuna 95.349 ambayo inazifunga redio zote za binafsi za Part 95 zisiunganishwe na mtandao wa simu za umma isipokuwa pale sheria ya redio husika imeruhusu, yaani hali ya kawaida ni HAPANA, ruhusa ndo inatafutwa, sio unaanza na ndiyo alafu unasubiri mtu akuonyeshe katazo.

Mi kwa maoni yangu neno waya limebaki humo tangu enzi ambazo kuongoza kituo cha mbali maana yake ni kukodi laini ya simu kutoka ofisini mpaka kilimani. 2017 FCC waliiandika Part 95 upya yote na wangeweza kulinyoosha likaeleweka, hawakulinyoosha vizuri, ndo limezaa ubishi wote huu. Lakini wenye sheria washasema wanaielewaje, sasa we ukienda kubishana nao na kamusi mkononi utakuwa na haki ya kisarufi na barua ya onyo.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nina leseni ya GMRS niko Minnesota. Kaka yangu yuko Texas hana leseni, na binamu yangu naye yuko huko huko. Nimesikia leseni inabeba familia. Je wanaweza kutumia apu kwenye simu zao wakatokea kwenye ripita yangu huku tukawa tunaongea na watoto wakiwa njiani kutoka shule? Na binamu je, maana sisi kwetu binamu ni kaka tu. (Mama Watatu, Minnesota)

JIBU: Marahaba mama. Swali lako lina maswali mawili ndani yake, la familia na la apu, na watu wanayachanganya, nashukuru umeniletea yote.

La familia kwanza. Leseni ya GMRS anapewa mtu mmoja aliyefikisha miaka 18, na inabeba mume au mke, watoto, wajukuu, watoto wa kambo, wazazi, babu na bibi, wazazi wa kambo, kaka na dada, shangazi na wajomba, watoto wa kaka na dada, na wakwe na mashemeji wote. Nilipoisoma mara ya kwanza nikasema hawa FCC wametembelea kwetu. Ila wameishia mlangoni, binamu hawakumtaja. Najua kwetu binamu ni kaka, baba mdogo ni baba, na ukimwambia bibi kwamba mtoto wa mdogo wake sio familia atakufukuza, lakini orodha ni orodha, binamu akate yake, dola 35 kwa miaka 10, ukigawa ni dola 3 na nusu kwa mwaka.

Kwa hiyo kaka yako akija Minnesota kukutembelea ukampa redio mkononi, aongee na watoto kupitia ripita yako mpaka asubuhi, halali kabisa, anatumia leseni yako, na anataja kolsaini yako, yaani zile herufi na namba za kituo chako, kila dakika 15 na akimaliza.

Sasa la apu. Kaka akiwa Texas, sauti yake ikaja kwa intaneti ikatokea kwenye antena yako Minnesota, haijalishi ni kaka, ni mkweo, au una leseni 5 zimepigwa fremu ukutani. Kinachokatazwa ni njia aliyopita, sio damu yake. Hata wewe mwenye leseni yako mwenyewe ukiwa Texas kikazi huruhusiwi kuongea na ripita yako kwa njia hiyo.

Ila mama, watoto wakiwa na simu, Zello kati ya simu na simu hamna anayekukataza. Apu yenyewe haina kosa lolote, wewe na kaka na binamu na ukoo mzima mnaweza kuongea humo kwa kitufe kama redio kol, hamna leseni inayohitajika. Kosa linazaliwa pale tu sauti inapotoka kwenye ile apu ikaingia kwenye transmita ya GMRS. Kama watoto hawana simu wana redio tu, basi wewe ndo daraja, unasikia kwa kaka unawaambia, wajomba zenu wanawasalimia.

SWALI: Naweza kuzima na kuwasha ripita yangu kwa simu nikiwa mbali? Nimechoka kupanda kile kilima. (Magoti, North Carolina)

JIBU: Unaweza, kifungu ni 95.1745. Na kwa kweli ungepaswa, maana ripita ikikwama wazi usiku wa manane unataka kuizima na kidole sio na magoti. Soketi ya umeme inayoongozwa kwa intaneti inatosha, au kompyuta ndogo inayobadilisha toni, kusoma joto la boksi na kukuambia volti za betri. Kipimo cha haraka cha kujua uko upande gani wa mstari: ukichomoa intaneti watu waendelee kuongea vile vile, wewe tu ndo ukose kuiongoza. Kama ukichomoa na mazungumzo yakakatika, hiyo haikuwa kuongoza.

SWALI: Fundi, mi nasafiri sana kwa gari, na miaka kadhaa nilikuwa nasikiliza ripita zilizounganishwa, unabonyeza state moja unasikika state ya nne, na sijawahi kusikia mtu kakamatwa. Nyingi ziliendeshwa na watu wazuri tu, kukiwa na tufani ndo zilikuwa zinatoa taarifa. Sasa we unatuambia ni haramu. Mi mbonyezaji tu nna kosa gani? Na hizo ripita zilizobaki nisizitumie? (Msikilizaji wa Chaneli 20)

JIBU: Jina lako limenikumbusha mbali. Chaneli 20 ni 462.675, na kwa wakongwe wa GMRS ile ilikuwa ya wasafiri, na toni ya 141.3, ukiharibikiwa barabarani unaita hapo unaomba msaada au unauliza njia. Kwa hiyo hamu ya kusikika mbali kwenye GMRS haikuanza na apu.

Sitakudanganya kwamba kila aliyelinki alipelekwa mahakamani. FCC wana watu wachache na Marekani ni kubwa, mara nyingi kinaanza na barua ya onyo, wengi wakiipata wanachomoa waya yanaisha. Baada ya ukurasa ule wa 2024 mitandao kadhaa ilijizima yenyewe hata bila kuandikiwa. Lakini kusema hajakamatwa mtu kwa hiyo ni halali ni sawa na kusema umepita taa nyekundu mara tatu hujagongwa.

Na hao watu wazuri unaowasema nawaamini, nimewasikia. Hilo ndo linaniuma kwenye jambo hili, kwamba waliobeba gharama za minara, wakapanda na theluji kubadilisha betri, ndo hao hao walioambiwa wakate. Ningependa FCC siku moja wakae na wenye ripita wafikirie angalau linki ya muda wakati wa maafa, na hilo ni ombi langu mimi, halina nguvu ya sheria.

Kuhusu wewe. Mwenye ripita anabeba mzigo wa ripita yake, lakini na wewe redio yako ni kituo chini ya leseni yako, na kila ukibonyeza unajibika kwa ulichorusha. Ukijikuta umeingia kwenye ripita unasikia mtu wa mbali kabisa na kuna ule mkwaruzo wa sauti ya intaneti, ile inayofika imebanwa kama mtu anaongea ndani ya kopo na inachelewa nusu sekunde, ushajua. Mi ningesikiliza tu, nikihitaji kuongea natafuta ripita isiyolinkiwa au naenda bila ripita. Kama kuna mtu anakufa mbele yako bonyeza kinachofanya kazi tuzungumze baadaye, FCC wenyewe hata kanuni zao zinayatazama maisha ya mtu tofauti na stori za mashine ya majani.

SWALI: Sasa sisi tunaopenda kuunganisha tuende wapi? Kuna sehemu yoyote ambayo ripita na intaneti ni halali? (Mpenda Waya, Texas)

JIBU: Ipo, na imekuwepo muda mrefu, ham redio, yaani redio za wapenzi wa mawimbi wenye leseni yao wenyewe, sheria zake ni Part 97. Mifumo ya kuunganisha ripita kwa intaneti huko ipo mingi. IRLP ilianza 1997 Canada, EchoLink ikaja 2002, siku hizi AllStarLink ndo vijana wanaipenda maana inakaa kwenye kompyuta ndogo ya ukubwa wa kadi, na huko kulinki ripita ya Texas na ya upande wa pili wa dunia ni kazi ya Jumamosi moja, hakuna anayekuuliza kitu mradi kila anayeongea ana leseni na mwenye ripita anaiangalia.

Bei yake ni mtihani. Technician, ile ya kuanzia, ni maswali 35, unatakiwa upate 26, na maswali yote pamoja na majibu yametangazwa wazi kabla, yaani ukifeli umeamua. Ada ya FCC dola 35. Tofauti ambayo inawashtua watu wa GMRS ni kwamba ham haibebi familia. Mke na watoto kila mmoja akae chumba cha mtihani mwenyewe, wala sio kwamba baba kafaulu na nyumba nzima imefaulu. Na huko biashara hamna, GMRS unaweza kumwambia mwanao alete mzigo wa duka lako, kwenye ham hapana.

Ila tafadhali sana usije ukapata wazo la kuweka GMRS upande mmoja na ham upande wa pili kwenye boksi moja. Nimeshaulizwa hilo mara 3 mwezi huu. Kile kile kifungu 95.1733, namba 9, kinakataza GMRS kupeleka ujumbe kwa kituo cha ham, au kituo kisicho na ruhusa, au cha nchi nyingine, isipokuwa dharura. Kwa hiyo hapo utakuwa umekusanya makosa mawili kwa nauli moja.

Na kama hutaki mtihani na unachotaka ni kifaa chenye kitufe kinachofika mbali, zipo redio za laini, kwa macho zinafanana na redio kol kabisa, antena fupi, kitufe pembeni, lakini ndani ni simu, inatumia mtandao wa simu na kadi. Hazihitaji leseni ya GMRS kwa sababu sio GMRS. Wakongwe wanazicheka eti redio gani inahitaji bando. Ni kweli mnara wa simu ukianguka na zenyewe zimeanguka, ila kwa kazi za kila siku zinafanya, na huna mtu wa kumkwepa.

SWALI: Mimi tena Baba Wawili. Nilikutumia swali juzi alafu jamaa akaniambia jibu kabla hujalitoa. Sasa zile simu mbili nifanyie nini? Wife anazitazama kila siku.

JIBU: Moja mpe shemeji, muwekee Zello, ndo laini yako ya kumwambia cha kusema redioni. Nyingine ipandishe kilimani, iache kwenye boksi la ripita imeelekezwa kwenye taa za mbele, uwe unachungulia kwa kamera kama ile ya kurusha imekwama inawaka. Iwekee chaja, ifungie milio yote. Na waya wa sauti usiupandishe kabisa, uache nyumbani, kwenye droo, mbali na vidole vyako.